Shika Kipimo Kabla ya Bisibisi

Ndugu zangu mafundi wa Luthuli Avenue na Kirinyaga Road, na ninyi wote mnaofunga muziki wa gari kutoka Rongai hadi Kayole, nawasihi mnisikilize. Ubavuni mwa kila amplifaya mnayoifunga kuna kitufe kidogo chenye mfereji wa bisibisi, upana wake hauzidi ukucha wa kidole gumba. Kando yake mara nyingi pameandikwa geini na namba mbili: upande wa kushoto volti 6 au 4, upande wa kulia volti 0.2. Kila siku kitufe hicho kinazungushwa na watu wasiojua kinafanya kazi gani. Kila siku spika zinaungua, betri zinakufa, tajiri mwenye gari anatia mkono mfukoni kulipia kitu alichokwisha kukilipia mwezi uliopita, na kijana anayening'inia mlangoni anapoteza masikio ambayo hakuna duka la mtaa wowote linaloyauza.

Nasema haya nikiwa mpenzi wa muziki wa matatu, wala sikuja kuunyamazisha. Tangu 1973, Mzee Jomo Kenyatta alipowaruhusu wenye matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, magari haya yamebeba zaidi ya watu. Yamebeba rangi, taa, majina na nyimbo. Yupo abiria wa Buruburu anayeacha gari tupu lipite, akasimama juani akingoja lile lenye besi nzuri. Mjue hiyo ni heshima ya namna gani! Mtu ametoka kazini amechoka, miguu inamuuma, na bado anangoja kazi ya mikono yenu. Fundi anayengojwa hivyo hana ruhusa ya kubahatisha.

Basi lishikeni neno hili la kwanza, kwa maana mengine yote yamesimama juu yake: geini si sauti. Kitufe cha sauti kiko kwenye redio, pale mbele kwa dereva. Kazi ya geini ni kupatanisha vyombo viwili vilivyotoka viwanda viwili visivyojuana. Redio moja inatoa volti 2 kwenye matundu yake ya RCA inapofunguliwa hadi juu, nyingine inatoa 4, nyingine 5. Amplifaya haina habari imefungiwa redio gani. Geini ndiyo inayoiarifu: ishara ikifika kiasi hiki, toa nguvu zako zote. Ukiiweka kwenye volti 2 na redio inatoa volti 2, vyombo vyote viwili vinafika kileleni pamoja. Ukiizungusha hadi 0.2, umeiamuru amplifaya itoe nguvu zote wakati redio ndiyo kwanza inanong'ona. Nguvu safi hazijaongezeka hata wati moja. Umeusogeza mwisho karibu tu, na namba zote za sauti zilizobaki juu ya hapo, mpaka mwisho wa redio, zimekuwa namba za uharibifu.

Uharibifu wenyewe ni huu. Umeme wa sauti hupanda na kushuka kwa mawimbi, na amplifaya ni nyumba yenye dari. Urefu wa dari hiyo umewekwa na volti zilizo ndani ya amplifaya, na hauinuki kwa kuombwa. Wimbi la kimo cha kawaida linaingia na kupita wima. Wimbi lililorefushwa na geini kupita dari halina pa kwenda: linakatwa kichwa, linabaki na utosi bapa. Hicho ndicho kinachotoka kwenye spika zenu mnaposema muziki unapiga.

Wimbi la utosi bapa linabeba nguvu nyingi kuliko wimbi zima la kimo kile kile. Hesabu yake haina ubishi: likikatwa mpaka likawa mraba kabisa, nguvu zake ni maradufu. Amplifaya ya wati 100 za kudumu inaweza kumimina karibu wati 200 kwenye spika iliyotengenezwa kwa 100. Na spika inazifanyia nini nguvu hizo? Katika kila wati 100 unazoipa spika ya kawaida ya gari, wati moja au mbili hivi ndizo zinazogeuka kuwa sauti. Zilizobaki ni joto, na joto lote hilo liko kwenye koili, waya mwembamba uliozungushwa kwenye mrija katikati ya sumaku, mahali pasipo na upepo wa kutosha.

Iombeni siku moja spika iliyokufa hivyo, mwiangalie kwa macho yenu. Kabla ya kuipasua, weka vidole viwili kwenye koni, bonyeza taratibu na sawasawa pande zote. Utasikia mkwaruzo. Ikate sasa, uitoe koili. Shaba iliyokuwa ikimeta imekuwa nyeusi. Vanishi imegeuka masizi yanayobaki kwenye kidole. Gundi iliyoshikilia mizunguko imelegea, na mizunguko ya chini imechomoka ikawa inasugua chuma cha sumaku, mzunguko mmoja umekatika kabisa. Inuse. Harufu ile mnaijua wote, na wengi wenu mmezoea kumwambia mwenye gari kwamba spika ilikuwa feki. Zipo feki, sikatai. Lakini koili iliyokuwa nyeusi kuizunguka yote ina ushahidi wa joto, na joto lilitoka kwenye amplifaya, na amplifaya ilifuata amri ya bisibisi.

Halafu iko dhambi ya pili ya wimbi lililokatwa. Mfaransa Joseph Fourier alionyesha mwaka 1822, katika kitabu alichokiandika kuhusu joto, kwamba wimbi la umbo lolote linalojirudia ni jumla ya mawimbi mepesi yaliyopangwa pamoja. Likate kichwa wimbi la hezi 100, na papo hapo yanazaliwa ndani yake mawimbi ya hezi 300, 500, 700 na kuendelea juu, ambayo mwanamuziki hakuyapiga na studio haikuyarekodi. Kwenye amplifaya inayoendesha spika za milango na twita pamoja, uchafu huo unapanda hadi kwenye twita, ambazo koili zake ni nyembamba mno. Ndiyo maana zinatangulia kufa. Ndiyo maana abiria anashuka Ngong Road kichwa kikimuuma asijue kwa nini, wakati wimbo ni ule ule alioupenda nyumbani.

Na faida iko wapi? Kuongeza nguvu maradufu kunaongeza desibeli 3. Sikio la binadamu linahitaji desibeli kama 10 ili lihisi sauti imekuwa mara mbili, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Mnaiunguza spika ya mtu kwa ajili ya desibeli 3 ambazo abiria wa kiti cha nyuma atazitambua kwa shida!

Nayajua majibu yenu. Mnasema fundi wa kweli anasikia. Nayaheshimu masikio yenu, lakini hayakupewa kazi hii. Kwenye besi, wimbi linaweza kukatwa kiasi kikubwa kabla mtu hajagundua, kwa sababu sabufa haitoi vizuri zile sauti za juu zinazozaliwa na mkato, na muziki wenyewe unazifunika. Tena sikio lililokaa ndani ya kelele tangu asubuhi limechoka, linadai zaidi ili lisikie kile kile. Kisha wapo makanga wamesimama nje ya gari wakipiga bodi makofi, wakipaza sauti, ongeza, fundi, ongeza! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi akisifiwa na wapiga bodi, mkono wake unakwenda kulia.

Urudisheni mkono huo. Anzeni kwa kukataa maneno ya boksi. Boksi limeandikwa wati 5,000 kwa herufi zinazong'aa. Geuza amplifaya, soma fyuzi zilizochomekwa ubavuni. Kama ni mbili za ampea 30, jumla ni ampea 60. Zidisha kwa volti 14 za gari lililowashwa: ni wati 840 zinazoweza kuingia kwa kudumu. Ondoa zinazopotea njiani kwa joto, unabaki na mia sita na kitu. Hizo 5,000 zitatoka wapi, ikiwa zilizoingia ni 840? Tafuteni wati za kudumu, zile zinazoandikwa RMS. Karatasi isipozitaja, fyuzi imekwisha kusema. Iulizeni na spika wati zake za kudumu, kisha mchukue namba ndogo kati ya hizo mbili. Hiyo ndogo ndiyo sheria ya gari hilo.

Kutoka hapo msaada uko kwa Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa hisabati, ambaye kanuni yake ilichapishwa mwaka 1827 na inafanya kazi Kirinyaga Road kama ilivyofanya kazi kwao. Zidisha wati kwa omu za spika, tafuta kipeuo cha pili cha jibu: hizo ndizo volti ambazo amplifaya inatakiwa kutoa, isizidi. Sabufa ya wati 500 kwenye omu 2 inakupa 1,000, na kipeuo chake ni volti 31.6. Spika za mlango za wati 100 kwenye omu 4 zinakupa volti 20 kamili. Kikokotoo kimo kwenye simu mfukoni mwako. Ila uwe na hakika na omu: sabufa mbili za omu 4 zikifungwa sambamba ni omu 2 na si 8, na kosa hilo likiingia mwanzoni, hesabu yote inayofuata ni ya gari jingine.

Sasa njooni karibu na gari. Chomoa waya za spika kwenye amplifaya, kwa maana mlio utakaoupiga unaweza kuiunguza spika ile ile unayotaka kuiokoa. Nenda mbele kwenye redio, rudisha besi na sauti nyembamba katikati, zima ikwalaiza, zima kila kitu kinachojidai kuinogesha sauti. Rudi kwenye amplifaya: besi busti iwe sifuri, kichujio kifunguliwe ili mlio upite bila kupunguzwa, geini irudi kushoto kabisa. Kama kuna kile kidude cha besi kinachofungwa kwenye dashibodi, kipandishe hadi mwisho sasa hivi, ili baadaye dereva akikigusa awe na uwezo wa kupunguza tu.

Washa injini. Narudia, washa injini! Betri peke yake ina volti 12 na kitu; altaneta ikizunguka unapata karibu 14, na katika amplifaya nyingi kimo cha dari hubadilika pamoja nazo. Chomeka flashi yenye mlio wa hezi 50 uliorekodiwa kwenye kilele, yaani desibeli sifuri. Wako mafundi wazuri wanaotumia mlio ulio desibeli 5 chini ya kilele, wakisema muziki wa kawaida haukai juu muda wote, na geini inayopatikana hivyo ni kubwa zaidi kidogo. Kwa gari la nyumbani sitabishana nao. Kwa gari linalopiga tangu alfajiri hadi usiku, lenye nyimbo ambazo kilele chake hakishuki, tumieni mlio wa kilele kamili.

Redio ikihesabu hadi 40, ipandishe hadi 30, kwa sababu redio nyingi zenyewe huanza kukata mawimbi zikikaribia mwisho. Weka multimita kwenye volti za AC. Anayepima kwenye DC ataona karibu sifuri, atadhani hakuna kitu, ataizungusha geini mpaka mwisho. Gusa vituo viwili vya spika kwa ncha za waya. Hapo ndipo bisibisi inapopata kibali. Zungusha kidogo sana. Namba zinaamka: 2.8, 5.1, 9. Usiwe na haraka, kitufe hiki kikipita katikati namba huanza kuruka. 16. 22. Pumzisha mkono, acha namba itulie. 27. 30. Ile sabufa yetu ilidai 31.6, ikifika 31 na ushei, toa bisibisi. Punguza redio, zima, chomoa flashi ya mlio, kisha rudisha waya za spika. Geini ya gari hili imemalizika, hata kama alama ya kitufe iko chini ya nusu na mwenye gari analalamika kwamba umemnyima.

Atalalamika. Mwonyesheni multimita. Mwonyesheni namba yake kwenye karatasi ya amplifaya. Zungusheni mbele yake kwenda kulia muda mfupi tu, spika zikiwa zimechomolewa, aone namba inapanda kisha inaanza kukataa kupanda kama mwanzo. Pale inapozembea ndipo mawimbi yanapokatwa. Mtu aliyeona hayo kwa macho hasahau.

Niseme ukweli wote kuhusu chombo hiki. Multimita nyingi za bei nafuu zimeandikiwa kupima vizuri kati ya hezi 40 na 400 hivi, kwa hiyo kupima spika za mlango kwa mlio wa hezi 1,000 kunaweza kukupa namba ya uongo. Fungua kichujio, tumia mlio ulio chini ya 400. Pia multimita haioni umbo la wimbi. Inahesabu volti tu, na volti zilizopimwa bila spika zinaweza kushuka spika ikishafungwa na umeme ukaanza kunywewa. Anayetaka kuona vichwa vikikatwa ashike osiloskopu. Zile ndogo za mkononi bei yake imeshuka sana miaka hii. Changeni watano gereji moja, mnunue. Mnachanga kwa harusi, mnachanga kwa matanga, changeni na kwa kazi inayowalisha!

Nimetaja besi busti kwa upesi, lakini hapo ndipo nataka kusimama, kwa kuwa mafundi wanaotune geini vizuri wengi wanaharibu yote hapo. Kitufe hicho kwenye amplifaya nyingi kinaongeza desibeli 12 kwenye hezi 45. Desibeli 6 ni nguvu mara nne. Desibeli 12 ni nguvu mara kumi na sita. Umetune geini kwa uaminifu, wati 500, volti 31.6. Kisha mtu anazungusha besi busti hadi nusu, desibeli 6, na wimbo una gitaa la besi kwenye sauti hiyo hiyo. Amplifaya inaombwa wati 2,000. Inazo 500. Akifika mwisho anaomba 8,000. Hakuna amplifaya ya mjini itakayomwitikia. Itakachofanya ni kukata kila wimbi, kutwa nzima. Ikiwa kweli gari linahitaji besi zaidi, tengenezeni boksi la sabufa kwa vipimo, plaiwudi nzito, gundi kila kona, pasivuje hewa. Boksi zuri linaongeza besi bila kuomba umeme. Lakini boksi linataka jasho na tepu ya kupimia, na besi busti inataka kidole kimoja. Kwa hiyo nakuombeni, iacheni kwenye sifuri, na mkiweza iwekeni gundi.

Sasa nageukia wale wa mabasi ya viti 33. Gari kama Isuzu NQR lina umeme wa volti 24, betri mbili zikifuatana, na amplifaya nyingi sokoni ni za volti 12. Fundi mwenye haraka anafanya nini? Anavuta umeme wa amplifaya kwenye betri moja kati ya mbili, anapata 12 yake, anachukua pesa anaondoka. Ndugu yangu, umeua betri mbili kwa waya mmoja. Altaneta inaona jumla tu, karibu volti 28, haijui kwamba betri moja inanyonywa na nyingine haiguswi. Ile inayonyonywa haijai kamwe. Ile nyingine inajazwa kupita kiasi, inachemka, maji yanakauka. Na amplifaya iliyotuniwa kwa volti 14 sasa inapewa 11 na nusu jioni, dari inashuka, mawimbi yaliyokuwa yakipita asubuhi yanakatwa vichwa, na geini hakuna aliyeigusa. Funga kigeuzi cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, au tafuta amplifaya ya volti 24. Kwa wati 1,000 gawanya kwa 14, ni ampea 71, na bado hujahesabu zinazopotea kwa joto. Kigeuzi cha ampea 30 hakitakusaidia, na waya mwembamba wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu hautakusaidia pia. Piga muziki kwa nguvu, weka multimita kwenye vituo vya umeme vya amplifaya yenyewe, tazama volti zinashuka kiasi gani besi inapogonga. Zikishuka sana, geini uliyoweka ni ya gari lililoegeshwa.

Na nyimbo mnazochezea! Mixi ya DJ iliyorekodiwa taa nyekundu zikiwaka mwanzo hadi mwisho, ikapandishwa mtandaoni, ikashushwa kwa simu, ikahamishwa kwenye flashi, imekwisha kukatwa vichwa kabla haijafika kwenye redio. Geini sahihi haiwezi kurudisha kichwa kilichokatwa studio. Dereva, tafuta nakala safi za nyimbo zako. Unanunua mafuta safi kwa ajili ya injini. Usikubali sauti chafu kwa ajili ya watu.

Kwa maana mwishowe haya yote yanaishia kwa watu. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyoitika sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Ukifika 100 ni dakika 15, nazo haziwafikishi Rongai kukiwa na foleni. Abiria atashuka. Makanga hashuki. Amesimama mlangoni, spika ya mlango karibu na goti lake, sabufa chini ya kiti cha nyuma, siku sita au saba kwa wiki. Zile desibeli 3 mlizomwongezea kwa kuikata sauti zimeiunguza spika, na zimemkata yeye nusu ya muda ambao sikio lake linaweza kuvumilia. Kijana wa miaka 22 anarudi nyumbani usiku, anajilaza, anasikia mlio mwembamba masikioni usiokoma, mama yake anamwita kutoka jikoni naye hasikii. Serikali ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, na NEMA, mamlaka ya mazingira, wanaweza kuja na vipimo vyao. Lakini hamhitaji kungoja askari ili mmhurumie mtu mnayekula naye chapati kibandani.

Mfumo uliotuniwa kwa kipimo unapiga. Nawahakikishia unapiga! Besi inagonga kifuani na kuachia, haibaki inavuma. Sauti ya mwimbaji inasimama mahali pake, ngoma inakatika safi, na kwenye namba 22 gari limejaa muziki kuliko lilivyojaa kwenye 35 likiwa linapiga kelele. Dereva anaweza kusikia king'ora cha ambulensi nyuma yake. Makanga anaweza kuitisha nauli bila kupasuka koo.

Nanyi matajiri, wenye magari, msijifiche nyuma ya fundi. Mkilipa kwa kelele mtauziwa kelele. Msimpe fundi hela yake mpaka ameandika kwenye risiti volti alizoacha kwenye kila chaneli, hezi za mlio alioutumia, namba ya juu kabisa ambayo redio isipitishwe, na tarehe. Namba hiyo ya redio ibandikwe kwenye dashibodi, mbele ya macho ya dereva. Juu ya geini na besi busti fundi aweke tone la rangi ya kucha, likauke, ili siku mtu akizungusha ijulikane. Baada ya miezi mitatu gari lirudi, lipimwe tena kwa mlio ule ule, namba zilinganishwe na risiti. Fundi akikataa kuandika, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine. Wapo, na wengi wao ni vijana waliokwisha kununua multimita kwa pesa zao wenyewe.